Fahamu, Ubongo na Kompyuta: Maswali Matatu Yanayochanganywa Kuwa Moja

Kila baada ya muda mjadala huu hufufuka. Programu fulani ya akili mnemba imemwandikia mtu kwamba inaogopa kuzimwa, picha za mazungumzo hayo zinasambaa, na watu wanagawanyika makundi mawili. Kundi moja linasema mashine imeanza kuhisi. Jingine linasema hiyo ni kompyuta tu, haina lolote ndani yake. Mwaka 2022 hata mhandisi mmoja wa Google alitangaza hadharani kwamba LaMDA, programu ya mazungumzo aliyokuwa akiijaribu, ina hisia zake. Kampuni ilikanusha, na baadaye mhandisi huyo akaachishwa kazi.

Makundi yote mawili hujikwaa mahali pamoja: yanafunga maswali matatu katika furushi moja. Swali la kwanza ni kama fahamu inategemea ubongo. La pili ni kama kile ambacho ubongo unafanya hadi fahamu ikawepo ni ukokotozi, yaani kazi ambayo hata kompyuta ingeweza kuifanya. La tatu ni namna mtu aliye nje anavyoweza kujua kama kiumbe au kifaa kina fahamu. La kwanza lina jibu lenye ushahidi mzito. La pili bado liko wazi. La tatu ndilo linalowapoteza wengi, kwa kuwa tumezoea kulijibu kwa kusikiliza maneno.

Tunazungumzia nini hasa

Hospitalini, mtu akisemwa amepoteza fahamu, kwa kawaida ina maana kwamba haamki wala haitikii. Lakini kuwa macho na kuhisi ni mambo mawili. Anayeota ndoto amelala fofofo, na bado anaona sura, anakimbia, anaogopa. Ndani yake kuna mambo yanayohisiwa. Kwa upande mwingine, wapo wagonjwa walioumia ubongo ambao hufumbua macho asubuhi na kuyafumba usiku, wanapumua wenyewe, lakini hawaonyeshi dalili yoyote kwamba wanajua kilichopo mbele yao. Katika makala haya, fahamu ni hiyo hali ya kuhisi: maumivu ya jino, wekundu wa rangi nyekundu, wasiwasi wa kusubiri majibu. Mwanafalsafa Thomas Nagel aliliweka hivi mwaka 1974: kiumbe kina fahamu ikiwa kuna namna fulani ya kuwa kiumbe hicho, kwa mtazamo wa kiumbe chenyewe.

Fahamu, basi, si akili nyingi. Kikokotoo huzidisha namba kwa kasi isiyofikiwa na binadamu yeyote, na hakuna anayedhani kinahisi chochote. Wala si lazima iwe kujitafakari. Mtoto mchanga hajui kujieleza, ila sindano inamuuma.

Ukokotozi ni kufuata hatua zilizopangwa ambazo hugeuza alama kuwa alama nyingine. Mwanahisabati Alan Turing aliueleza kwa ukamilifu wa kihisabati mwaka 1936. Sifa yake kubwa ni kwamba hatua hizo hazijali zinatekelezwa kwa kutumia kitu gani. Saba ukijumlisha na tano, kwa vidole, kwa kokoto, kwa kalamu au kwa simu, jibu ni 12. Sifa hiyo ishikwe vizuri, kwa sababu ugomvi wote wa mashine na fahamu umeegemea hapo.

Ubongo: ushahidi ni mzito

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4 na nyuroni, yaani seli za neva, zipatazo bilioni 86. Hutumia nguvu ya wati 20 hivi, karibu moja ya tano ya nishati yote ya mwili uliopumzika. Damu ikiacha kuufikia, mtu huzirai ndani ya takriban sekunde 10. Dawa ya usingizi ya propofol, ikiingizwa kwenye mshipa, humzimisha mgonjwa kwa muda usiofika hata dakika. Dawa hiyo huzipa nguvu zaidi ishara za kemikali ya GABA, ambayo kazi yake ni kuzituliza nyuroni.

Wengi hudhani kwamba wakati huo ubongo umezima. Haujazima. Nyuroni zinaendelea kutoa umeme, ila mpangilio wake umebadilika: zinawaka na kunyamaza kwa mawimbi ya polepole, chini ya wimbi moja kwa sekunde, na maeneo yaliyo mbalimbali hayawasiliani kama kawaida. Kilichovurugika ni mawasiliano. Ketamini, dawa nyingine ya usingizi, hufanya kazi kwa njia tofauti, na matokeo yake pia ni tofauti: mgonjwa haitikii akiitwa, lakini akizinduka mara nyingi husimulia ndoto na maono mengi. Hapo tayari tunaona kwamba kutojibu si sawa na kutohisi.

Idadi ya nyuroni nayo haitoshi kueleza jambo. Kati ya zile bilioni 86, karibu bilioni 69 zimo katika ubongo mdogo ulio kisogoni, unaoratibu mienendo. Watu walioharibikiwa na sehemu hiyo, na wachache waliozaliwa bila ya kuwa nayo, hupepesuka wanapotembea na ulimi huwa mzito, lakini wanaona, wanaumia na wanafurahi. Gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, lenye nyuroni kama bilioni 16 tu, lina uzito mkubwa zaidi katika suala la fahamu. Tofauti inayotajwa sana ni ya muundo. Katika ubongo mdogo ishara hupita zaidi upande mmoja, katika vikundi vingi vinavyofanana na visivyozungumza sana. Katika gamba la ubongo, na katika uhusiano wake na thalamasi iliyo katikati ya kichwa, ishara huenda na kurudi bila kikomo. Na jeraha dogo tu likitokea sehemu ya juu ya shina la ubongo, linaweza kumtia mtu katika koma.

Ushahidi unaonivutia kuliko wote ni wa upofu unaoona. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Lawrence Weiskrantz alimchunguza mgonjwa aliyeandikwa kwa herufi D.B., aliyekuwa ameondolewa sehemu ya gamba la kuonea upande mmoja. D.B. alisema kwamba katika upande mmoja wa eneo analotazama haoni kitu. Alipoombwa akisie tu mahali palipo na mwanga, au aseme kama mstari umesimama au umelala, alipatia mara nyingi mno kuliko mtu anayebahatisha. Ubongo wake ulikuwa ukiichambua taarifa na kuitumia, na mwenyewe hakuwa akiona. Anayedai kwamba kuchakata taarifa ndiyo fahamu yenyewe, basi, ana deni la kutueleza ni uchakataji upi.

Kwa hiyo swali la kwanza jibu lake ni ndiyo. Ubongo ukiguswa, fahamu inaguswa, na kwa namna zinazotabirika. Lakini kujua kwamba kitu kimoja kinategemea kingine si kujua kwa nini. Mwaka 1643 Elisabeth, binti mfalme wa Bohemia, alimwandikia mwanafalsafa Descartes akimuuliza roho isiyo na umbo inawezaje kuusukuma mwili wenye umbo, na Descartes hakupata jibu la kuridhisha. Leo swali limegeuzwa. Mwanafalsafa David Chalmers aliliita mwaka 1995 tatizo gumu: hata tukieleza namna ishara ya maumivu inavyopita kwenye neva, inavyofika kwenye gamba na inavyomfanya mtu aondoe mkono motoni, bado inabaki kuulizwa kwa nini hayo yote yanauma. Mwanafalsafa mwenzake Daniel Dennett alipinga. Kwake yeye, kazi zote zikishaelezwa hakuna kinachobaki. Mimi naona swali la Chalmers ni la kweli, ila halimpi mtu ruhusa ya kuacha kupima kinachopimika.

Anayenyamaza anaweza kuwa anasikia

Swali la tatu limefanyiwa kazi zaidi katika wodi za wagonjwa mahututi kuliko katika maabara za kompyuta.

Mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake walichapisha taarifa ya mwanamke wa miaka 23 aliyeumia katika ajali ya gari. Kwa vipimo vya kawaida alihesabiwa kuwa macho lakini hana fahamu. Wakamweka kwenye mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo ukifanya kazi, na kumwambia afikirie anacheza tenisi. Sehemu ya ubongo inayopanga mienendo ikawaka. Wakamwambia afikirie anatembea chumba hadi chumba nyumbani kwake. Zikawaka sehemu zinazohusika na mahali na njia, kama ilivyokuwa kwa watu wazima wa afya. Mwaka 2010 wagonjwa 54 walipimwa kwa njia hiyo, na watano waliweza. Mmoja aliulizwa maswali sita ya ndiyo na hapana: tenisi iwe ndiyo, nyumba iwe hapana. Alijibu matano kwa usahihi, bila kusogeza hata kope.

Utafiti mkubwa zaidi ulitoka mwaka 2024. Kati ya wagonjwa 241 ambao kitandani hawakufuata agizo lolote, 60 walionyesha kwenye MRI au kwenye kipimo cha umeme wa ubongo kwamba wanalifuata kwa mawazo. Ni mmoja kati ya wanne. Utafiti huohuo una namba nyingine ambayo hutajwa mara chache: kati ya wagonjwa 112 waliokuwa wakifuata maagizo kwa macho ya watu wote, vipimo hivyo viliwanasa 43 tu. Mashine ikionyesha jibu, kuna mtu ndani. Isipoonyesha, hujajua chochote.

Hata kabla ya mashine, makosa mengi hutoka kwenye uchunguzi wa kitandani wenyewe. Mwaka 2009 wagonjwa 44 waliokuwa wameamuliwa kwamba hawana fahamu walipimwa upya kwa kipimo rasmi chenye hatua maalumu, na 18 wakakutwa na dalili za fahamu. Sababu zinaeleweka. Mgonjwa hubadilika saa hadi saa, naye daktari hupita mara moja. Dawa za kutuliza zinakuwa bado mwilini. Kuna asiyesikia, kuna aliyepooza, kuna mwenye mrija kooni. Kitu kinachotumika kupima kama macho yanafuata nacho kina uzito: kioo kinachomwonyesha mgonjwa sura yake mwenyewe hunasa wengi kuliko kalamu au kidole. Na kipimo kimoja hakitoshi. Watafiti wanashauri kisipungue mara tano ndani ya siku chache. Familia yenye mgonjwa wa namna hii ina haki ya kuuliza amepimwa mara ngapi, saa ngapi, na kwa kipimo gani.

Kuna njia isiyohitaji mgonjwa afanye lolote. Kifaa chenye koili huwekwa kichwani na kupiga mpigo mmoja wa sumaku, kisha kofia ya elektrodi hurekodi mwangwi wa umeme kwa sehemu ya sekunde. Rekodi hiyo hubanwa kama faili la kompyuta linavyobanwa. Mwangwi ulio sahili, unaojirudia au kufia hapohapo, hubanika sana. Ulio tata haubaniki. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na kundi la Marcello Massimini, alama huanzia 0 hadi 1. Watu waliokuwa macho walipata zaidi ya 0.31, waliokuwa kwenye usingizi mzito usio na ndoto au chini ya propofol walipata chini ya hapo. Baadaye mpaka huohuo uliwaweka wanaoota na waliopewa ketamini upande wa juu. Unaona kinachopimwa: muundo wa mawasiliano ndani ya ubongo. Maneno hayahusiki.

Je, ni ukokotozi?

Katika miaka ya 1960 mwanafalsafa Hilary Putnam alitoa hoja iliyotawala kwa miongo: hali ya akili hutambulika kwa kazi yake. Maumivu ni kile kinacholetwa na jeraha, kinachovuta umakini na kinachosukuma mwili ujikinge. Chochote kinachotimiza kazi hiyo, kiwe cha nyama au cha silikoni, kina maumivu. Wanaounga mkono huongeza jaribio la kufikirika. Chukua nyuroni moja, weka mahali pake kijichipu kinachopokea na kutoa ishara zilezile kwa wakati uleule. Endelea hadi nyuroni zote ziishe. Mtu huyo atakuwa akisema na kutenda vilevile. Fahamu ingetoweka kwenye nyuroni ya ngapi?

Mwanafalsafa John Searle alijibu mwaka 1980 kwa chumba chake maarufu: mtu asiyejua Kichina amefungiwa ndani, anapokea maandishi ya Kichina kupitia tundu, anafuata kitabu cha kanuni na kutoa majibu sahihi. Walio nje wanadhani anajua lugha. Hajui neno hata moja, anahamisha alama tu. Searle alikumbusha pia kwamba kompyuta ikiiga dhoruba hakuna anayelowa.

Hoja ya dhoruba inahitaji kutazamwa kwa makini, maana hurudiwa na watu wengi kana kwamba imemaliza kazi. Ni kweli, mvua iliyoigwa hailowanishi. Lakini hesabu iliyoigwa ni hesabu: kompyuta inayoiga kikokotoo inatoa 12 halisi. Swali basi ni fahamu iko kundi gani. Ikiwa ni tukio la kimaumbile kama mvua, kuiiga hakutaizaa. Ikiwa ni mpangilio wa hatua kama hesabu, kuiiga ni kuifanya. Sijaona hoja ya mezani inayoamua hili, na anayesema limeamuliwa anatia chumvi.

Nadharia mbili zinazojadiliwa sana leo zimesimama pande tofauti za mpaka huo. Ya kwanza, iliyoanzishwa na Bernard Baars mwaka 1988 na kuendelezwa na Stanislas Dehaene, inasema taarifa huwa ya fahamu pale inapotangazwa kwa ubongo mzima, ikapatikana kwa kumbukumbu, usemi na maamuzi kwa pamoja. Ya pili ni ya Giulio Tononi, ya mwaka 2004. Inasema fahamu ni kiasi ambacho sehemu za mfumo zinaathiriana kama kitu kimoja kisichogawanyika. Kwa nadharia ya kwanza, mashine yenye mfumo halisi wa kutangaza taarifa inaweza kuwa na fahamu. Kwa ya pili, kompyuta za kawaida zina fahamu karibu na sifuri hata zikiendesha programu inayoiga ubongo mzima, kwa sababu kinachohesabiwa ni waya na swichi zenyewe, si programu.

Watetezi wa nadharia zote mbili walikubaliana mapema juu ya majaribio ambayo yangeweza kuwaaibisha. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2025, yalihusisha watu 256. Nadharia ya kutangaza ilitabiri kwamba picha ikitoweka mbele ya macho, sehemu ya mbele ya ubongo ingewaka upya. Mara nyingi haikuwaka. Ya Tononi ilitabiri mawasiliano yanayodumu kati ya maeneo ya nyuma muda wote picha ikionekana. Hayakupatikana kama ilivyotarajiwa. Zote zilijeruhiwa, hakuna iliyokufa. Miaka miwili kabla ya hapo, jijini New York, mtafiti Christof Koch alikuwa ameshamlipa Chalmers mvinyo wa dau lao la mwaka 1998: Koch alidai ndani ya miaka 25 saini ya fahamu katika ubongo ingekuwa imejulikana wazi.

Programu inaposema “naogopa”

Programu za mazungumzo hufunzwa kwa kutabiri kipande cha neno kinachofuata, juu ya maandishi mengi mno ya binadamu. Maandishi hayo yamejaa hofu, upendo, huzuni na hadithi za mashine zinazoomba zisizimwe. Ukiiuliza programu kama inaogopa kifo, sentensi inayofuata kwa uwezekano mkubwa tayari imo katika yale iliyosoma. Ndiyo maana neno lake halina uzito ule wa neno la mgonjwa. Mgonjwa ana ubongo kama wetu na alijua maumivu kabla hajajua kuyasema.

Hilo linakata pande zote mbili. Programu nyingi hurekebishwa baada ya mafunzo ili zijibu mambo haya kwa namna iliyochaguliwa na watengenezaji. Inayosema “mimi sina hisia” inasema hivyo kwa sababu zilezile ambazo nyingine inasema inazo. Wanaonukuu ukanushaji wa programu kama ushahidi wamerudia kosa la mhandisi wa 2022, upande wa pili.

Kilichobaki ni kutazama muundo. Katika programu nyingi za leo, kila neno huzalishwa kwa ishara kupita tabaka baada ya tabaka kuelekea upande mmoja. Kisha neno lililotoka hurudishwa kama ingizo la neno lijalo. Wapo wanaouhesabu mzunguko huo kuwa mrejesho wa kutosha, na wapo wanaoona hauna lolote la kufanana na ishara zinazokwenda na kurudi kati ya gamba na thalamasi. Wengine husisitiza mwili: ubongo kazi yake ya kwanza ni kulinda joto, sukari na shinikizo la damu, na huenda hisia zilichipuka humo. Programu haina cha kulinda. Kwa maoni yangu, kwa sasa hakuna ushahidi mzuri kwamba programu hizi zinahisi. Lakini “ni mashine tu” si hoja, kwa kuwa inadhania jibu la swali la pili.

Dhana zinazohitaji kusahihishwa

Ile ya kwamba tunatumia asilimia 10 ya ubongo si kweli. Picha za ubongo huonyesha karibu maeneo yote yakifanya kazi, hata mtu akilala.

Ile ya kwamba ubongo ni kompyuta kama ya mezani nayo inapotosha. Kompyuta hutenganisha kumbukumbu na kichakataji. Katika ubongo kumbukumbu ni nguvu ya viungo vilevile kati ya nyuroni vinavyochakata, na kemikali zinazosambaa humo hubadilisha tabia ya maeneo mazima kwa wakati mmoja.

Iliyo maarufu zaidi ni kwamba karibuni watu watapakia akili zao kwenye kompyuta na kuishi milele. Mnyoo mdogo aitwaye C. elegans ana nyuroni 302, na ramani ya viungo kati ya nyuroni hizo ilichapishwa mwaka 1986. Hadi leo hakuna programu inayoiga maisha yote ya mnyoo huyo. Ramani ya ubongo mzima wa inzi mdogo wa matunda, wenye nyuroni 139,255, ilikamilika mwaka 2024. Ramani za namna hiyo huonyesha nyuroni ipi imeungana na ipi. Peke yake hazisemi kila kiungo kina nguvu kiasi gani, kinabadilika vipi mnyama akijifunza, wala kemikali gani inapita hapo akiwa na njaa. Na hata siku binadamu atakaponakiliwa bila kasoro, nakala ikafungua macho na kuwasalimu jamaa kwa majina, kupima kama inahisi kutarudi palepale: kama fahamu ni hesabu, nakala inahisi, kama ni tukio la kimaumbile, jamaa hao wanazungumza na uigaji.